Jina la mwanangu limo katika orodha ya alfajiri ya Pasaka

Barua ya msomaji

Dada Mshauri,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 46, ni mkazi wa wilaya ya Rungwe, na ni Mmoravian wa kuzaliwa. Naomba jina langu lisichapishwe, maana huku kwetu tunajuana wote.

Kwa wasomaji ambao si wa kanisa letu, nieleze kwanza desturi yetu. Siku ya Pasaka hatuanzii ibada kanisani. Tunakusanyika makaburini kungali giza, tochi na taa mikononi, matarumbeta yakitangulia, na kabla jua halijachomoza mchungaji hutangaza kwamba Bwana amefufuka, nasi tunaitikia, "Amefufuka kweli kweli!" Baada ya hapo husomwa majina ya ndugu wote wa ushirika wetu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Kwa miaka 11 msomaji wa majina hayo nimekuwa mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa ajili ya sauti yangu, na niliipenda. Kila mwaka nilipita nyumba kwa nyumba kuulizia matamshi ya majina ya wazee, nikasoma polepole ili kila familia isikie vizuri jina la mtu wake.

Mwaka huu katika orodha hiyo limo jina la mwanangu wa kwanza.

Alifariki mwezi wa tisa mwaka jana akiwa na miaka 19, baada ya kuugua kwa siku sita tu. Siku ile ile jirani alituletea mtumishi mmoja ambaye si wa kanisa letu. Mtu huyo aliniambia kwamba ameonyeshwa kuwa kijana huyu hatazikwa, kwamba Mungu wa Lazaro ni yule yule, na kwamba nikiamini pasipo kuyumba mwanangu atasimama siku ya tatu. Mume wangu hakukubali. Wazee walikuwa wamekwisha kuonyesha mahali pa kaburi, na vijana walikuwa wameanza kuchimba. Mimi ndiye niliyewazuia. Nilikwenda nikasimama ukingoni mwa shimo ambalo lilikuwa limewafika magotini, nikawaambia watoke. Walitoka bila kusema neno.

Tulifunga na kuomba siku tatu, mwili ukiwa chumba cha maiti na ndugu waliotoka mbali wakingoja. Siku ya tatu tuliingia mle ndani mimi, dada yangu na yule mtumishi. Aliomba zaidi ya saa nzima. Mimi muda wote nilikuwa nautazama mkono wa mwanangu. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu alilolipata utotoni alipokuwa akichezea kisu cha kumenyea ndizi, na nilikikazia macho kidole hicho nikingoja kitikisike. Hakikutikisika. Tulipotoka, yule mtumishi aliniambia kwamba ameona mashaka moyoni mwangu, na kwamba hayo ndiyo yaliyozuia. Akaenda zake. Tulizika kesho yake.

Tangu hapo sijawa mtu yule. Ninaamka saa tisa usiku na kukaa jikoni mpaka kuche. Mama mkwe na walimu wenzangu wananikumbusha kila mara kwamba Mkristo halii kama watu wasio na matumaini, kwa hiyo nimejifunza kulia nikiwa peke yangu. Mume wangu hajawahi kunilaumu, lakini pia hajawahi kulitaja lile shimo hata siku moja.

Wiki iliyopita katibu wa ushirika alinikabidhi orodha, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Majina ni 14, na la mwanangu ni la saba. Aliniambia kwa upole kwamba nikiona vigumu nimwambie, ila wazee wangefurahi nikisoma, kwani ingewatia moyo wengi. Sijamjibu. Nikikubali, nitasimama hatua chache kutoka kaburi lake na kuitikia kwamba Bwana amefufuka, huku moyo wangu ukisema: Bwana, siku yako ya tatu ilifika, ya mwanangu haikufika. Je, huo si uongo mbele za Mungu? Nikikataa, naogopa kwamba nitakuwa nimethibitisha kauli ya yule mtumishi kuhusu imani yangu. Nimefikiria hata nisitoke nyumbani siku hiyo. Dada yangu yeye anasema niachane na makaburi na nihamie kanisa analosali yeye.

Kuna jambo jingine, ni dogo. Buti za mvua za mwanangu bado zipo nyuma ya mlango wa jikoni, na tope lake limekaukia pale pale kwenye soli. Mdogo wake mwenye miaka 14 ameniuliza kama anaweza kuzivaa alfajiri ya Pasaka, kwa kuwa ni masika na njia ya makaburini ni utelezi mtupu. Huyo naye sijamjibu.

Ni mimi,
Mama wa Rungwe

Jibu la mshauri

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale ukingoni mwa shimo. Asante kwa kuniamini na jambo ambalo, kama nimekuelewa, hujawahi kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu wake.

Niseme kwanza ninavyolielewa tatizo lako, nawe utanisahihisha nikikosea. Swali uliloliuliza ni kama usome orodha au usiisome. Chini yake, hata hivyo, nasikia maswali mengine mawili yaliyo mazito zaidi. La kwanza ni kama kifo cha mwanao, au kule kutorudi kwake, kulisababishwa na upungufu wako. La pili ni kama mtu ambaye ameumizwa na neno "kufufuka" anaweza kulitamka tena bila kuwa mnafiki. Haya mawili yakibaki yamefungwa, nadhani hata ukisoma vizuri kiasi gani alfajiri hiyo, utarudi nyumbani na mzigo ule ule.

Nianze na kauli ya yule mtumishi, maana ndiyo inayokuamsha saa tisa usiku. Alikuambia kwamba mashaka yako ndiyo yaliyozuia. Naomba tuzitazame pamoja habari zenyewe alizozitegemea. Lazaro alikuwa kaburini siku ya nne, na Martha, dada yake, alipoambiwa jiwe liondolewe, alipinga kwa kusema kwamba maiti inanuka sasa. Huyo si mtu aliyeamini pasipo kuyumba, na bado ndugu yake aliitwa akatoka. Katika Luka sura ya 7, mjane wa Naini alikuwa akimsindikiza mwanawe wa pekee kwenda kuzikwa. Hakuomba chochote, na Luka hasemi neno hata moja kuhusu imani yake. Anachokitaja ni kwamba Bwana alimwonea huruma. Sasa kama mama wa Naini hakupimwa imani ili apewe, ni nani aliyetoa kipimo cha kukupima wewe ili unyimwe? Sijakuta mahali popote katika Injili ambapo mzazi aliyefiwa aliambiwa kwamba mtoto wake amebaki kaburini kwa sababu ya mashaka ya mama.

Najua utaniuliza kwa nini basi mwana wa Naini alirudishwa na wako hakurudishwa. Swali hilo sina jibu lake, na ninakuomba umwogope kidogo mtu yeyote atakayekuambia analo. Ila yapo mambo mawili tofauti ambayo yalichanganywa katika siku zile tatu, na kuchanganywa kwake ndiko kunakokufanya uone kwamba Pasaka imekusaliti. Lazaro alirudishiwa maisha haya haya. Alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, ikabidi wengine wamfungue, na sura inayofuata ya Injili ya Yohana inatuambia kwamba wakuu wa makuhani walikuwa tayari wanafanya shauri la kumwua. Alikuwa na kifo kingine mbele yake. Asubuhi ya Pasaka Petro aliingia kaburini akakuta sanda imelala pale, na ile leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake. Yohana amelichunguza jambo hilo kwa karibu kana kwamba anataka tuione tofauti: huyu hakuhitaji kufunguliwa na mtu, wala hakurudi katika maisha aliyoyaacha.

Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anamwita Kristo "limbuko lao waliolala". Wewe unakaa Rungwe, na limbuko unalijua kuliko mimi. Anayepeleka madhabahuni viazi vya kwanza vya msimu hasemi kwamba shamba lote limevunwa, na mwenye shamba ambalo halijavunwa haambiwi kwamba hakuna kitakachotoka. Katika sura hiyo hiyo Paulo anasema kwamba kinachopandwa si ule mwili utakaokuwa. Huwa nawaza kiazi cha mbegu ninapoandika habari hizi. Ukivuna, ukakuta viazi vipya vimeshika chini ya shina, kile cha zamani unakikuta kimebaki ganda jeusi lililooza, na hata hivyo hakuna mkulima anayesema kwamba kilipotea bure. Paulo haelezi zaidi ya hapo mwili huo utakuwaje, nami sitaki kumzidi. Ninachokisema ni kwamba tumaini ambalo kanisa lako linalitangaza makaburini halijawahi kuwa ahadi kwamba wetu watasimama siku ya tatu. Katika imani tunakiri kwamba tunangojea ufufuo wa wafu, na anayengoja bado hajapokea. Uliposema moyoni kwamba siku ya tatu ya mwanao haikufika, ulikuwa unasema kweli, na sioni kwamba kweli hiyo inagombana na ile nyingine.

Kuhusu machozi, nina neno kwa wanaokukataza. Andiko wanalolishika ni la 1 Wathesalonike sura ya 4, ambapo Paulo anasema hataki waumini wahuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Lisome tena taratibu. Halisemi msihuzunike. Watu wale walikuwa wamefiwa na wapendwa wao wakiwa bado wanamngoja Bwana arudi, na mtume anawapa huzuni yao mahali pa kuegemea. Yesu mwenyewe alikuwa anajua atakachokifanya dakika chache baadaye, na bado pale kaburini kwa Lazaro alilia machozi. Ni kweli kwamba Yesu alimwambia mjane wa Naini, "usilie". Lakini alilisema neno hilo mtu aliyekuwa anakwenda kumrudishia mwanawe mikononi. Sisi ambao hatuna cha kukurudishia, sidhani kwamba tuna haki ya kuliazima. Mama mkwe wako naye amefiwa na mjukuu. Huenda anakukataza kulia kwa sababu anaogopa kwamba ukianza wewe, yeye hataweza kunyamaza. Hilo unalijua wewe zaidi yangu.

Sasa nije kwenye hofu ya uongo. Ninaposoma habari za Pasaka ya kwanza katika Injili, naona kwamba wengi hawakuipokea kwa moyo mkunjufu tangu mwanzo. Mariamu Magdalene alisimama nje ya kaburi akilia, akamdhania Bwana kuwa mtunza bustani, na hakumtambua mpaka alipoitwa kwa jina lake. Wale wawili wa njia ya Emau walisema, "Nasi tulikuwa tukitumaini," wakilitaja tumaini lao kama kitu cha jana, na waliyasema hayo wakimwambia yeye mwenyewe. Tomaso alikaa siku nane na wenzake akiwa hajaamini, na hawakumfukuza chumbani. Nakala za kale zaidi za Injili ya Marko tulizonazo zinakoma mahali ambapo wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wasimwambie mtu neno, kwa maana waliogopa. Tangazo la Pasaka lilipita katika midomo iliyokuwa ikitetemeka kabla ya kutufikia sisi.

Kanisa lako lina sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo. Desturi ya kwenda makaburini alfajiri ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, katika kijiji kilichoanzishwa miaka kumi tu kabla yake na wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani yao. Vijana wa kiume waliamua kupanda kilima cha Hutberg kabla ya mapambazuko, wakaimba katikati ya makaburi. Makaburi hayo Wamoravian waliyaita Shamba la Mungu, na juu yake walilaza mawe ya bapa yasiyotofautisha tajiri na maskini. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na mapokeo hayo. Nayataja haya kwa sababu waanzilishi wa ibada hii wangeweza kumshangilia Bwana wakiwa ndani, penye joto na mwanga. Walichagua kwenda gizani, mahali ambapo kila mmoja ana mtu wake aliyelala. Katika liturgia yenu limo ombi la kudumu katika ushirika na wale walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita, na ombi hilo lisingekuwa na maana yoyote kama waliohudhuria wangetakiwa kuja wakiwa wamekwisha kufarijika.

Tena angalia jinsi maneno yenyewe yalivyogawanywa. Mmoja anatangaza, wengi wanaitikia. Wewe kwa miaka 11 umeitikia pamoja na akina mama ambao majina ya watoto wao ulikuwa umeyashika mkononi, na sidhani kwamba uliwahi kuwahukumu kama midomo yao ilifumbwa. Waliokuwa na sauti waliitikia kwa niaba yao. Je, ungewanyima wao nafasi ya kukufanyia wewe vivyo hivyo? Na kama siku hiyo utakuwa na neno moja tu la kumwambia Mungu, yupo mzazi mwingine katika Marko sura ya 9, baba mwenye mtoto mgonjwa, aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa aondoke akapunguze mashaka kwanza.

Kwa hiyo tuyatazame yaliyo mbele yako, bila haraka.

Unaweza kusoma orodha yote kama miaka mingine. Huenda kulitamka jina la mwanao mbele ya watu, kwa sauti ile ile uliyowatendea haki wengine, kukawa ni heshima ya mwisho ambayo hukupata nafasi ya kumpa katika ile vurugu ya msiba. Nina wasiwasi mmoja tu, nao unatokana na neno la katibu kwamba ingewatia moyo wengi. Alilisema kwa nia njema, lakini likipokewa vibaya watu watakufanya ushuhuda, wakusifu kwa kuwa hukulia, na wiki ijayo utajiona huna ruhusa tena ya kulia. Ukichagua kusoma, ni vizuri wazee wajue mapema kwamba sauti inaweza kukatika, na kwamba ikikatika haitakuwa aibu. Aandaliwe mtu wa kusimama karibu nawe, mwenye nakala ya karatasi hiyo, aendelee pale utakapoishia.

Unaweza pia kuirudisha karatasi kwa katibu, ukasimama siku hiyo pamoja na mume wako na mtoto wako, ukawa mama aliyefiwa na si msomaji. Kwa miaka 11 umekuwa mbele ya familia hizo. Huenda mwaka huu ukahitaji kuwa miongoni mwao. Hatari yake ni kwamba unaweza kuisikia sauti ya mwingine ikilipita jina la saba haraka kuliko ulivyotaka, ukajiona umemwacha. Naona pia unaogopa maneno ya watu, lakini hofu ya kuthibitisha kauli ya yule mtumishi naomba uiondoe katika mizani kabisa. Ukisoma ili kumwonyesha kwamba una imani, utakuwa bado unatii amri yake.

Ipo njia ya katikati ambayo nimeiwaza kwa sababu ya ukimya wa mume wako. Majina yale mengine yanaweza kusomwa nawe na lile la saba likatamkwa na baba yake, au kinyume chake. Sijui kama yeye ataliweza, na si haki kumshtukiza nalo. Lakini kumwuliza tu kungewalazimu kukaa pamoja na kulizungumza jambo ambalo limekaa katikati yenu tangu mwezi wa tisa. Umeuchukulia ukimya wake kuwa lawama. Inawezekana ni lawama, sikatai. Inawezekana pia ni mtu ambaye naye alitamani shimo lile lisiendelee kuchimbwa, akashindwa kusema kwa kuwa yeye ndiye aliyepinga. Ulipowaambia vijana watoke, mdogo wangu, ulikuwa mama ambaye ameahidiwa mwanawe. Nadhani mume wako alikuwepo na aliliona hilo.

Kubaki nyumbani nako si dhambi. Kanisa husherehekea Pasaka kwa siku 50, mpaka Pentekoste, na kaburi litakuwepo siku utakapokuwa tayari, hata ukienda na mchungaji peke yake. Ninachokihofia ni alfajiri yenyewe: matarumbeta utayasikia ukiwa jikoni, utajua jina linasomwa, na utakuwa peke yako katika saa ambayo tayari ndiyo mbaya kwako. Ukichagua hilo, usikae bila mtu.

Kuhusu kuhama kanisa, sina ugomvi na kanisa la dada yako, ambalo silijui. Ningekuomba tu usiamue ukiwa bado umo katika mwaka wa kwanza wa msiba, na kabla ya kuamua umwulize dada yako swali moja: huko wanamwambia nini mtu aliyeomba akakosa? Yeye alikuwa nawe ndani ya kile chumba. Naye ana yake.

Lipo moja ambalo sitalizungusha. Miezi mingi ya kuamka saa tisa usiku ni mingi kwa mwili wa mtu. Nenda kituo cha afya ukaeleze kwamba hulali tangu msiba, na kama yamewahi kukujia mawazo ya kutotaka kuishi, useme wazi, na usingoje Pasaka ipite. Mchungaji wako pia anastahili kuisikia habari yote, pamoja na zile siku tatu, na kama inawezekana kabla ya Ijumaa Kuu, maana yeye ndiye atakayesimama pale atangaze, na ni vema ajue ni nani anayemsikiliza.

Nimebakiza buti. Umeliita jambo dogo, lakini umelipa aya yake peke yake. Kijana wa miaka 14 aliyekuwa na kaka, akaona kaburi likianza kuchimbwa, likaachwa, kisha likachimbwa tena, sijasoma popote katika barua yako kwamba kuna mtu aliyemweleza kilichotokea. Anaweza kuwa anaulizia utelezi tu. Anaweza kuwa anatafuta namna ya kwenda kumwona kaka yake akiwa na kitu chake mwilini. Unaweza kukubali, au unaweza kuona kwamba bado huwezi kuliona tope lile likilowana na kuondoka, na hilo nalo unaweza kumwambia jinsi lilivyo, ataelewa. Katibu anaweza kungoja hadi Jumamosi. Huyu, kama ungeweza, ungekaa naye jioni moja hapo jikoni, ukamwuliza kwa nini anazitaka.

Niandikie tena baada ya Pasaka, uwe umesoma au hujasoma.

Dada yako,
Mshauri